Sehemu Niliyoiandika Kuwa Tupu

Asubuhi moja ya Januari nilikuwa nimesimama katikati ya mto Kosi, juu kidogo ya mji wa Ramnagar kaskazini mwa India, mkono mmoja umeshika fimbo ya kupimia na mwingine ubao wenye karatasi. Nasema katikati ya mto, lakini viatu vyangu vilikuwa vikavu. Majira yale ya baridi mto huo hupungua ukabaki mikondo michache inayoachana na kukutana tena kama msuko uliofumuka, na sehemu kubwa ya njia yake huwa uwanda wa mawe ya mviringo, mengine makubwa kama maboga na mengine madogo kama mayai, yaliyotanda hadi chini ya vilima vya upande wa pili. Tulikuwa wanafunzi sita wa uhandisi kwenye mafunzo kwa vitendo, na kazi tuliyopewa ilikuwa kuchora umbo la uwanda huo ili baadaye ikadiriwe ni mchanga na mawe kiasi gani yanayoweza kuchotwa hapo. Safu ya mwisho ya karatasi ilitaka maelezo ya eneo. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikaandika kwa Kiingereza neno ambalo kwa Kiswahili ni moja tu.

Tupu.

Sijainua kalamu, jiwe moja lililokuwa hatua kama thelathini mbele yangu likatembea.

Lilikuwa na miguu. Lilipiga hatua tatu, likasimama, na liliposimama likawa jiwe tena, kiasi kwamba nilianza kuyashuku macho yangu. Kisha likageuka upande, nikauona uso mweusi uliozungushiwa mstari mwembamba mweupe, shingo ya kijivu cha samawati, mstari mweusi uliopita kifuani juu ya tumbo jeupe, na mdomo mwekundu mrefu uliopinda kuelekea chini kama mundu. Ndege yule akapiga mluzi mkali wa haraka, akaruka. Mwenzake, ambaye sikuwa nimemwona kabisa, akainuka kutoka mahali palipokuwa karibu nami zaidi, na wote wawili wakapita chini chini juu ya maji, doa jeupe likiwaka kwenye kila bawa, hadi wakapotelea kwenye kona ya mto.

Nyuma ya mwamba ukingoni akatokea mzee mmoja mwenye darubini shingoni. Alikuwa mwongozaji wa wageni wanaokuja kutazama ndege, naye alikuwa amelala kifudifudi hapo tangu alfajiri pamoja na wageni wake wawili, wakisubiri ndege hao hao wasogee. Nilitegemea angetukemea. Aliniuliza tu kama nimewaona.

Nilimjibu kwamba nimewaona. Zimepita wiki saba tangu siku ile, na jibu hilo pamoja na neno nililoliandika vimenikaa kama mwiba wa samaki kooni.

Mdomo wa kwarara

Jina lake la kisayansi ni Ibidorhyncha struthersii. Sehemu ya kwanza imetokana na Kigiriki na maana yake ni mwenye mdomo wa kwarara, na msomaji wa Nairobi au Arusha anayeamshwa na makelele ya kwarara bustanini ataelewa mara moja mdomo huo ukoje. Sehemu ya pili inamkumbuka daktari Struthers wa Glasgow, na aliyemweka ndege huyu kwenye maandishi ya sayansi ni Nicholas Vigors, mwaka 1832. Mimi nimezoea kumwita domo-kwarara, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

Lakini yeye si kwarara. Jamaa zake wa karibu ni wale ndege weusi kwa weupe, wenye miguu kama vijiti, wanaotembea kwenye maji ya magadi ya Ziwa Nakuru, na hata hao ni wa karibu kwa kulinganisha tu, kwa sababu wanasayansi wamempa domo-kwarara familia yake mwenyewe isiyo na ndege mwingine ndani yake. Ana urefu wa sentimita 38 hadi 41. Ana vidole vitatu tu vya mbele na hana kile cha nyuma. Akipotea yeye, familia nzima imefungwa.

Ukitazama ramani ya makazi yake utadhani ni ndege mwenye dunia nzima. Anapatikana kuanzia milima ya Kazakhstan na Kyrgyzstan, akapita Himalaya yote, Ladakh, Nepal, Bhutan, hadi Tibet na China ya kaskazini karibu na Beijing. Huzaliana kwenye mito iliyo kati ya mita 1,700 na 4,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ikikaza huteremka hadi kwenye miguu ya milima, ndiyo maana tulimkuta Ramnagar, mahali ambapo mwinuko ni mita 350 hivi.

Ramani hiyo ilinidanganya kwa siku kadhaa. Nilijiambia kwamba kiumbe mwenye eneo lote hilo hawezi kusumbuliwa na kipande kimoja cha mto mmoja. Kisha nikaitazama kwa jicho la kazi yangu. Domo-kwarara hakai milimani. Anakaa mtoni, tena si kila mto. Mahali ambapo maji yanaporomoka kwa kishindo kati ya miamba hapamfai, na mahali ambapo mto umetulia ukalaza matope hapamfai pia. Anataka pale katikati, bonde linapotanuka na kulala, maji yanapopunguza kasi na kuyatua mawe yaliyolingana, yamechanganyika na mchanga kidogo, na kugawanyika kwenye mikondo ya kina kifupi. Ukipaka rangi mahali hapo peke yake, lile pande kubwa la ramani linageuka kuwa nyuzi chache nyembamba zilizokatikakatika.

Na kila mhandisi anajua nani mwingine anayetafuta mahali kama hapo. Mto unapopunguza kasi huwa umeshachekecha mawe, umeyaosha, umeyapanga kwa ukubwa na kuyaweka mahali ambapo lori linaweza kufika. Mkandarasi na domo-kwarara wanapachagua mahali pamoja kwa sababu ile ile.

Sululu mbili

Mimi ni mzaliwa wa Kunduchi, Dar es Salaam, na kwetu neno sululu lina maana mbili ambazo nimekua nazo zote.

Sululu wa kwanza ni ndege. Maji yakipwa unamwona akitembea juu ya matope karibu na mikoko, mdomo wake mrefu umepinda chini, anautumbukiza kwenye shimo la kaa hadi uso wake unakaribia kugusa matope, kisha anauchomoa na kaa juu yake. Sululu ya pili ni chuma chenye mpini, nayo ndiyo iliyonilisha. Mama yangu aligonga kokoto kwenye machimbo ya Kunduchi tangu alipokuwa amenibeba mgongoni hadi nilipomaliza kidato cha nne. Wanaume walipasua mwamba kwa sululu na nyundo kubwa, na wanawake walikaa chini ya vivuli vya magunia wakavunja vipande kwa nyundo ndogo. Mama alikuwa na pete ya mpira aliyoikata kutoka tairi la baiskeli, akaifungia mpini wa kijiti. Jiwe alilishika ndani ya pete hiyo ili nyundo isimfikie kidole. Kidole gumba cha kushoto kilifikiwa hata hivyo, na ukucha wake haukurudi. Kokoto ziliuzwa kwa ndoo, ndoo zikajaza tipa, na tipa zikaondoka kwenda kujenga nyumba za watu ambao hatukuwajua.

Ada yangu ya shule ilihesabiwa kwa ndoo.

Kwa hiyo sikuweza kuwatazama vibarua wa Kosi kama maadui. Wapo kila msimu, mvua kubwa za Juni zinapokaribia kazi hufungwa, na maji yakishapungua hurudi tena na makoleo yao. Wengi wao wametoka mbali pamoja na familia zao. Nilimwona mama mmoja akipumzika kwenye rundo la mawe, amekunja magoti, kiganja kimefunikwa kitambaa, na nikaona mkao ule ule wa nyumbani. Kama ningesema mawe yaachwe kwa ajili ya ndege, ningekuwa namwambia nini yule mama? Na ningemwambia nini wangu mwenyewe?

Hapo ndipo niliponyamaza kwa wiki mbili za kwanza.

Chini ya jiwe moja

Mwongozaji yule alikuwa amenipa nambari ya simu, na siku moja ya mapumziko nikampigia. Wageni wengi wanaofika Ramnagar huja kwa ajili ya Hifadhi ya Corbett, iliyoanzishwa mwaka 1936 na ambayo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya India. Hupita na magari ya wazi wakimtafuta chui milia, na mto Kosi, unaopita mpakani mwa hifadhi upande wa mashariki, wao huuona dirishani. Mzee huyo ameishi kwa kuuza kile wanachokipita. Tulikutana kabla jua halijatoka, tukapita mbali ya hekalu la Garjiya lililosimama juu ya mwamba katikati ya mto, tukajilaza nyuma ya gogo lililoletwa na mafuriko.

Tulikaa zaidi ya saa moja kabla sijamwona ndege ambaye mzee alikuwa akinionyesha kwa kidole muda wote huo. Sikuamini kwamba nilikuwa nikimtazama. Ukungu ulipoinuka akaingia majini hadi tumbo likagusa maji, akainamisha kichwa, akakilaza upande kama mtu anayetega sikio mlangoni, akauingiza mdomo chini ya jiwe kwa kufuata mviringo wake. Jiwe halikusogea. Ule mpindo wa mdomo, ambao nilikuwa nimeuona kama pambo, ulikuwa umetoshea chini ya jiwe kama mkono unavyotoshea chini ya mto wa kulalia. Akauchomoa na kitu kidogo chenye kujinyonganyonga kwenye ncha, akakimeza, akasogea hatua moja, akaanza na jiwe la pili.

Ndege walipohama, mzee alivua viatu akaingia majini, akaokota jiwe la ukubwa wa ngumi na kulipindua mbele ya macho yangu. Upande wa chini kulikuwa na wadudu bapa, wenye mikia mitatu kama nyuzi, wakikimbilia pembeni kukwepa mwanga. Kulikuwa pia na kifuko kisichofika urefu wa ukucha wangu. Nilidhani ni uchafu. Alikisogeza karibu, nikaona kwamba ni vijiwe, chembe za mchanga mkubwa zilizounganishwa moja moja pande zote bila kuacha ufa, na ndani yake kichwa cha buu kikichungulia. Mdudu huyo hutoa uzi wenye kunata mdomoni mwake, akachagua chembe zinazomfaa, akajenga.

Nilikuwa nimesoma miaka mitatu jinsi ya kupitisha kokoto kwenye chekeche na kuzitaja kwa milimita. Sikuwahi kupindua hata jiwe moja.

Mzee alilirudisha jiwe mahali pake, upande ule ule chini, akaligandamiza kidogo kwa kidole ili likae kama lilivyokuwa.

Yale mengine nilikuwa nayajua tayari, ila nilikuwa nimeyasoma kama habari za madaraja. Mawe ya mto yakilala kwa utaratibu wake huacha nafasi kati yake, na maji yenye hewa hupita humo. Ukichimba bila mpango, udongo laini unainuka na kuziba nafasi hizo. Ukichota kuliko mto unavyoleta, sakafu ya mto inashuka, maji yanajikusanya kwenye mfereji mmoja wenye kina na mwendo wa kasi, na mikondo mifupi iliyotawanyika inakauka. Kwa daraja maana yake ni kwamba nguzo zinabaki zikining'inia. Watu wa Dar es Salaam waliojenga kando ya mito ya Tegeta na Mbezi, na kuona mto ukipanuka mwaka hadi mwaka hadi kwenye kuta zao baada ya mchanga kuchotwa, hawahitaji kuelezwa hili. Kwa domo-kwarara maana yake ni kwamba mlango wa chini ya jiwe umefungwa kwa udongo, na maji yamekuwa marefu kuliko miguu yake.

Hoja za msimamizi

Nilikwenda kwa msimamizi wetu nikamweleza kwamba neno nililoandika halikuwa sahihi. Alinisikiliza kwa upole, na majibu yake yalikuwa matatu. Ndege ana mabawa, kwa hiyo atasogea. Mvua za kila mwaka huleta mawe mapya, kwa hiyo kinachochukuliwa kinarudi. Na kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ndege huyu hajawekwa miongoni mwao.

Usiku huo sikulala, kwa sababu yote matatu ni kweli.

Nilijaribu kuyavunja moja moja, na sikuweza kuyavunja. Niliweza tu kuona kila moja linasimama juu ya nini. Mawe hurudi, ni kweli, iwapo kinachochotwa hakizidi kinachokuja, na iwapo huko juu hakuna bwawa lililoyazuia njiani. Mabwawa ya umeme kwenye mito ya Himalaya ni mengi na yanaendelea kujengwa, na bwawa hushika changarawe kama linavyoshika maji. Huko juu, wakati wa kuzaliana, kila jozi hushika kipande chake cha mto, hukwangua shimo dogo kwenye changarawe, wakati mwingine hulitandika vijiwe, na hutaga humo mayai ambayo kwa kawaida ni manne. Mtu anayefungulia maji ya bwawa jioni ili kukidhi mahitaji ya umeme hayaoni mayai hayo, kama vile mimi sikuwaona wenyewe wakiwa watu wazima mbele ya macho yangu.

Ama kuhusu mabawa, ndege atasogea, naam. Atasogea hadi kipande kinachofuata, nacho kimo kwenye karatasi ya mwanafunzi mwingine. Niliwaomba wenzangu watano wanionyeshe karatasi zao. Wanne walikuwa wameandika neno lile lile.

Simu ya nyumbani

Jumapili nilimpigia Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nilimwambia nimekula, kisha nikamsimulia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza ndege huyo anakula nini, nikamweleza habari za buu na nyumba yake ya vijiwe. Akauliza walikuwa wangapi. Nikasema wawili. Akakaa kimya kidogo, nikasikia sufuria ikifunikwa.

"Unawakumbuka wale wapimaji waliokuja machimboni na kile chombo cha miguu mitatu?"

Niliwakumbuka kwa mbali. Mmoja wao alikuwa amemwomba Mama asogee pembeni ili asimame pale penye rundo lake.

"Ramani ilipobandikwa tulikwenda kuitazama. Pale tulipokuwa tunakaa sisi paliandikwa eneo wazi. Wanawake wote wale, na watoto migongoni. Hata kivuli hatukuonekana."

Nilimuuliza walifanya nini.

"Tulirudi kazini. Ulitaka tufanye nini?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo akiwa ameshafika mlangoni: "Lakini hao wa makoleo nao, ukimwandika ndege wako, usije ukawafuta."

Nilikata simu nikakaa kitandani muda mrefu. Miaka yote niliyosoma nilijiona kama mtoto wa machimbo aliyevuka upande wa pili, na sikuwa nimejiuliza kile chombo cha miguu mitatu nilikuwa nakitazamia nini.

Karatasi ya nyongeza

Ripoti ilikuwa imeshafungwa. Msimamizi alisema kilichoandikwa hakiwezi kubadilishwa, lakini kama nina vipimo anaweza kukubali karatasi ya nyongeza nyuma yake. Alisisitiza neno vipimo, nami nikalishika. Ndege walikuwa karibu kupanda kurudi milimani, kwa hiyo wiki ya kwanza ya Machi nilikwenda mtoni asubuhi nne mfululizo, na asubuhi mbili kati ya hizo mzee alikuja nami. Nilibeba futi kamba, saa, na daftari lisiloogopa umande. Nilipima kina cha maji kila mahali walipolishia, upana wa mkondo, ukubwa wa mawe kwa sampuli ya mawe mia, na umbali kutoka kwenye njia ya malori. Nilipima pia mahali vibarua wanapokaa, wanapochota maji ya kunywa na wanapowaweka watoto wakati wa kazi, kwa kuwa hayo nayo hayakuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Asubuhi ya kwanza sikuwaona ndege. Ya pili nilimwona mmoja. Ya tatu nilidhani nimewaona wawili mbali, mzee akanionyesha kwa subira kwamba yalikuwa mawe.

Msimamizi ameipokea karatasi hiyo na kuitia kwenye jalada. Nakala nimebaki nayo, na mstari wake wa mwisho, wa asubuhi ya nne, unasomeka hivi: "Kituo cha 9, saa 1:10 asubuhi, mita 40 kutoka ukingo wa kulia. Ndege wawili, mdomo wa mmoja ni mrefu kidogo kuliko wa mwenzake. Kina cha maji sentimita 11. Wanalisha. Hatua mia mbili kusini, familia ya watu watano inachemsha chai."